Kiti Nilichompigia Joash

Nakuru,
Jumanne jioni.

Mpendwa dada yangu Wangeci,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko wazima huko Kuresoi, na kwamba baridi haijachoma viazi. Mimi sijambo. Bega limepona, ingawa asubuhi za baridi hulalamika. Najua utashangaa kwa nini nakuandikia na simu zipo. Simu yako, dada, unaiweka spika hadi ng'ombe wasikie, na haya ninayokuambia si ya watoto wala ya shemeji.

Unamkumbuka Joash, kepteni wa klabu yetu ya baiskeli za milimani, yule uliyemsifu kwamba ana adabu? Adabu yake nikueleze. Aliazima baiskeli yangu wiki nzima, akairusha juu ya miamba mpaka fremu ikapasuka karibu na pedeli. Akabandika stika ya klabu juu ya ule ufa, akanirudishia akitabasamu, eti asante sana Wangui.

Sasa, kwetu klabuni hakuna anayeshuka mlima kabla hajakaguliwa na mwenzake. Mwenzako anaangalia magurudumu, fremu na breki zako, kisha anakipiga kiti cha baiskeli yako makofi mawili. Kiti kikishapigwa, wewe huangalii tena. Ukiangalia, ni kama umemwita mwenzako mwongo. Jumapili ile niliyoanguka, aliyenipigia kiti alikuwa Joash mwenyewe.

Mengine unayajua, fremu ilikatika nikiwa katikati ya mteremko wa Menengai na mfupa wa bega ukavunjika. Usilolijua ni kwamba nikiwa bado chini kwenye vumbi, Joash alisimama akawahubiria wenzetu. Alisema fremu nzuri haikatiki yenyewe, hukatwa na mtu asiyejua kuendesha. Alisema mimi hukaa kitini kama gunia la viazi badala ya kuinuka na kulegeza magoti, na hakuna chuma kinachoweza kustahimili mtu kama huyo. Nikatolewa kwenye timu ya mashindano ya Naivasha, timu niliyoitafuta kwa jasho langu lote. Hata Jackie, rafiki yangu, akaanza kuniita Gunia. Mimi, Wangeci! Gunia!

Stika niliibandua nyumbani, nikitaka tu kuihifadhi. Chini yake chuma kilikuwa kimeshaingia kutu upande mmoja, na upande uliokatika siku ile kiking'aa. Nikaelewa. Nililia kwa hasira mpaka kichwa kikauma, halafu nikanyamaza, maana nani angemwamini Gunia mbele ya kepteni?

Fremu niliipeleka ikachomelewa na kuongezewa vyuma. Ikawa na sura mbaya, lakini haitikisiki. Na zile safari nilizokuja kwako kushusha viazi kwa baiskeli, ukasimama kanisani ukashukuru kwa kupewa mdogo mwenye moyo, nisamehe, sikuja kwa mapenzi. Nilikuja kujifunza kushuka na mzigo kwenye utelezi, mpaka nijue breki ya kuifinya na ya kuiachilia kabla sijafika kwenye jiwe. Nilitaka Joash auone mgongo wangu.

Mwezi uliopita tulishuka Menengai tena ili timu ichaguliwe upya. Joash, kusudi watu waone hana kinyongo, akanichagua mimi tukaguane. Tukashuka. Kwenye kona ya mawe breki yake ya mbele ikakatika, akagonga jiwe, akaruka juu ya usukani na kutua kwa uso. Mkono ulivunjika, meno mawili yakabaki pale. Mimi nilipita kando yake nikamaliza wa kwanza. Nimerudishwa kwenye timu, na hakuna anayeniita Gunia tena.

Juzi Jumapili akaja klabuni na plasta mkononi. Alisimama mbele ya wote akasimulia habari ya ufa na stika, akasema Mungu amemlipa pale pale alipokosea, akaniomba msamaha huku analia. Jackie naye akalia. Eti wakampigia makofi! Nilimshika mkono kwa sababu wote walikuwa wananitazama.

Sasa sikia nisilomwambia yeyote. Mungu hakumlipa. Nilipomkagua niliona waya wa breki ya mbele umekatika nyuzi, zimebaki chache tu za kushikilia. Niliziona vizuri. Nikakipiga kiti, pa, pa, naye hakuangalia tena. Nilitaka aanguke, na alipoanguka nilisikia raha, dada, sikudanganyi. Ningekuwa nayo mpaka leo kama si mjinga yule kusimama na kutubu. Yeye amejisafisha mbele ya watu, uchafu wote umebaki kwangu. Hata kisasi changu ameninyang'anya!

Usinijibu kwamba niombe, maombi nayajua. Msalimie shemeji, na watoto uwabusu, hasa kale kadogo kanakonuna. Mwambie mama nitakuja kumwona mvua zikipungua.

Joash anatolewa plasta wiki hii. Amewaambia wote kwamba tukifika Naivasha, yeye ndiye atakayenikagulia baiskeli na kunipigia kiti, ili anilipe mema kwa lile baya. Nimemkubalia. Ningesema nini?

Ni mimi mdogo wako,
Wangui