Sauti ya Nne

Mwende, mwenzangu,

Bado tunapigia nyumbani kwenu. Hatujarudi River Road, kwenye kile chumba chetu cha mazoezi juu ya duka la kuchapisha kadi. Jumamosi ya kwanza baada ya kukuzika, mama yako alituita Kileleshwa, akatuandalia chai na viazi vitamu, akasema, "Mnipigie ile yenu kidogo tu, niisikie." Nani angekataa? Wambui na Otieno walitoa fidla zao, mimi nikatoa viola yangu, fidla ya sauti nene zaidi, tukakaa kama kawaida na nafasi yako tukaiacha wazi. Kwateti iliyotungwa kwa watu wanne tukaipiga watatu.

Tangu hapo ni kila Jumamosi.

Sehemu ya kwanza ina kasi, fidla zinafunika pengo. Lakini ikija ile ya polepole, pale wimbo unaposhuka kwenye selo yako, ile fidla kubwa ya sauti ya chini, sisi tunabaki na vile vipande vya kuitikia tu. Ni kama watu watatu wanaosema "eeh" na "kweli," na hakuna anayezungumza. Mama yako hufumba macho. Yeye anakusikia. Sisi, Mwende, hatusikii kitu. Tunapita minueti, ile ya mwendo wa dansi, tunapita ile ya mwisho ya mbio, tunamaliza, naye anasema, "Tena."

Ulikuwa ukiniambia, "Rukia, wacha kukimbia. Hapa tunaongea, hatushindani." Siku hizi sikimbii. Naamka Jumamosi, navaa buibui langu, naja.

Tumealikwa kupiga kwenye ukumbi mmoja mjini, ule uliokuwa ukiutamani. Ndipo tukamtafuta Njeri, mwalimu wa muziki kwenye shule moja karibu na Dagoretti Corner. Anapiga vizuri. Ila selo ya shule haitoki shuleni, na yako imesimama nyuma ya kochi la mama yako, haijafunguliwa tangu ulipolazwa.

Jumamosi iliyopita tulimleta. Mama yako alimsalimia vizuri, akammiminia chai. Nilipoomba selo yako, uso ukabadilika.

"Mnataka kuweka nani kwa kiti ya mtoto wangu?"

Otieno akaangalia viatu vyake. Mimi sijui nilipata wapi ulimi. Nikasema, "Mama, tumechoka. Huu muziki hauna mtu. Kila wiki tunamzika Mwende hapa sebuleni."

Aliingia chumbani, akafunga mlango. Tukakaa. Kuondoka bila kuaga hatungeweza, kupiga hatungeweza. Chai ikapoa. Nilifikiri nimekupotezea mama yako.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akaivuta selo mwenyewe, akamkabidhi Njeri. "Apigie hapa hapa. Haitoki kwa hii nyumba."

Tukapiga. Wallahi, Mwende, sehemu ya polepole ilipofika, ile sauti ya chini ikaingia. Si wewe. Njeri ana mkono mzito kuliko wako, anakawia mahali ulipokuwa ukipita. Lakini mtu alikuwa anasema tena, na sisi tukawa na cha kuitikia. Wambui alilia akiendelea kupiga.

Ningeishia hapo, nikuambie tumepona. Lakini tulipomaliza, mama yako alimshika Njeri bega akasema, "Mwende, kunywa chai, imepoa."

Njeri akatuangalia mmoja mmoja. Hakuna aliyemsaidia, hata mimi. Akainua kikombe. "Asante, Mum."

Kwenye ngazi aliniuliza, "Jumamosi ijayo nije kama nani?" Nilimwona anajifunga skafu shingoni kwa haraka, kama mtu anayetafuta hewa ya nje, na nikajua tumemfungia ndani pamoja nasi. Bado hatujaujibu ule ukumbi. Selo bado iko Kileleshwa.

Nampenda mama yako. Akinishika mkono mlangoni nasikia mifupa yake yote. Ndiyo maana imenichukua wiki nzima kukuandikia haya.

Pumzika, mwenzangu. Mungu akulaze pema. Jumamosi, kabla hatujalinganisha nyuzi, nitasimama mbele ya mama yako na kumwambia, "Mama, huyu anaitwa Njeri." Akilia, nitakaa naye. Akitufukuza, nitarudi Jumapili bila viola, nishinde naye tu.

Wako,
Rukia