Baba Neema, Kona Yako ya Giheta Imeota Maharage

Baba Neema,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azungushe maneno. Tangu ututoke, mfuko wa kukukumbuka umeniangukia mimi. Watu wa kanisani ndio waliouanzisha kwa jina lako, ili vijana wasio na shughuli wakae msimu mzima kwenye shamba letu la Giheta, wale, walale, wajifunze kulima. Jambo jema, nani abishe. Ila anayewatafutia sabuni ni mimi, anayesuluhisha ugomvi wao wa magodoro ni mimi, anayetoka nyumbani Musinzira asubuhi na magoti haya mabovu ni mimi. Wewe umepumzika.

Unakumbuka tuliporudi huku kwetu milimani kutoka Tanzania? Ulijiona fundi wa kilimo. Kule tulikokulia ardhi ilikuwa tambarare, mtu anapiga matuta upande autakao. Hapa ukashika jembe ukayapiga kutoka juu ya mlima hadi chini, yamenyooka vizuri, ukaniita nije nione. Majirani walipita, wakatazama, wakatusalimia kwa heshima, wakaenda kuchekea mbele. Mvua ya kwanza ikayafanya matuta yako mifereji. Maharage, mbolea, udongo wote mzuri, vikashuka bondeni kwa jirani. Nilikaa mlangoni nikalia, na wewe ukasema, "Angalau jirani atakula vizuri." Nilikuchukia siku ile, mume wangu. Kisha nikacheka.

Msimu uliofuata ulipiga matuta ya kukata mteremko, ukapanda matete kingoni, kama wenyeji. Lakini ile kona ya juu ukaiacha na korongo lililochimbwa na mvua ile. Nikakuuliza unaiweka ya nini. "Mtu akija kujifunza kwangu, nitaanzia hapa." Na kweli, kila kijana aliyekuja ulimsimamisha pale kwanza, ukamsimulia ulivyochekwa, kabla hujampa jembe.

Ulipoondoka, mimi nikapafanya mahali pangu pa kukaa. Kaburi lako ni la kila mtu, lina saruji na maua ya watu. Kwenye lile korongo nilikuwa nakuona wewe, na ubishi wako wote.

Wiki iliyopita nilikwenda Giheta nimeshaamua. Shemeji, yule mdogo wako, anataka kulikodi shamba, nami nilikuwa nakwenda kuwaambia vijana kwamba msimu huu ukiisha, basi, mfuko tunaufunga. Nikapita kwanza kwenye kona yako, ambayo magoti hayakuniruhusu kuipanda tangu msimu uanze, nikuambie wewe kabla yao.

Korongo halikuwepo. Wamelijaza mawe na udongo, wamepiga matuta ya kukata, matete yameshika, maharage yameota mazuri ajabu. Espérance, binti aliyetoka Muyinga, mwenye sauti kubwa, mmoja wa wanafunzi wa msimu huu, akaja mbio huku anajifuta mikono.

"Mama, umeona? Hapa kulikuwa kubaya sana. Mi nikaambia wenzangu tutengeneze, Mama atafurahi."

Sikufurahi. Nilitaka kumtandika. Nikakaa chini palepale nikalia kama siku ile ya mvua, na yeye akachuchumaa pembeni, hajui amekosa nini.

"Pardon, Mama. Iko nini?"

Nikamsimulia. Matuta yako, majirani, jirani aliyekula vizuri. Akacheka hadi akajishika mbavu, halafu akayageukia maharage yao.

"Kwetu Muyinga iko kona mingi kama hii," akasema. "Nikirudi, mi nitatengeneza ya papa, ya baba yangu. Lakini wale watakuja kujifunza hapa nyuma yangu, wao wataona nini?"

Nikamwomba jembe. Kando ya maharage yao kulibaki kipande kidogo kisicholimwa, nikapiga tuta moja pale, kutoka juu kwenda chini, limenyooka kama yale yako. Mgongo uliniuma, na ninapokuandikia bado unaniuma.

"Mama, unakosea," Espérance akaniambia.

Nikamwambia najua.

Shemeji nimemjibu atafute shamba lingine. Sasa tunangoja mvua ije ilichimbe lile tuta langu.

Bado nimechoka. Wewe lala, mimi kesho nina sabuni ya kutafuta.

Mkeo,
Mama Neema