Wanashauriwa Kuvaa

Chanika, Dar es Salaam

Kaka yangu Muhsin,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima huko Maskati, wewe, wifi Zubeda na watoto. Mgongo umepoa? Sie hapa tunaamka salama. Mama anakula vizuri na hukuulizia kila akimaliza kuswali. Ningekupigia simu, lakini nakujua, ungenikatiza kabla sijafika katikati. Kwenye karatasi utanisikiliza mpaka mwisho.

Habari ya Genoveva najua umeipata nusu. Azan alikwambia mwalimu wetu wa farasi "aliteleza kidogo". Kaka, hakuteleza. Siku ya mashindano wanafunzi wake wote walikuwa na helmeti, maana watoto anawalazimisha, asiyevaa hapandi. Na yeye alikwisha kuvaa yake. Azan, kwa uenyekiti wake wa chama chetu cha farasi, akamfuata, akamwambia aivue aongoze gwaride kichwa wazi kama wakubwa wengine, wapiga picha wanataka sura. Genoveva akakataa. Akaambiwa asitutie aibu mbele ya wageni, kanuni ya chama inasema watu wazima wanashauriwa kuvaa, hawalazimishwi. Akaivua, akapanda farasi. Hapo hapo mtu akajaribu spika kubwa, ikapiga yowe, farasi akashtuka akasimama kwa miguu ya nyuma. Kichwa cha Genoveva kikapiga nguzo ya zege ya uzio. Mie ndiye niliyekimbia nikampakata.

Alhamdulillahi, yu hai. Lakini mimi ananiita Monica, jina la mdogo wake aliyeko Bukoba, na kijiko kinamshinda kushika. Mumewe Gozbert, yule anayefundisha shule kule Gongo la Mboto, anamlisha kwanza ndipo aende kazini.

Nikaomba kikao. Nilitaka libadilishwe neno moja tu, badala ya "wanashauriwa" iandikwe "lazima". Azan akasema mtu mzima halazimishwi, anahamasishwa. Tukilazimisha, wazee wenye vilemba vyao watajitoa na mchezo utakufa. Mwingine akasema ajali ni kudra. Mwingine eti helmeti inatia joto. Joto! Nilisimama, kaka, kwa hasira. Nikawaambia: "Buti tunalazimisha. Shati jeupe tunalazimisha, mtu akija na la bluu anarudishwa kwao. Kichwa ndio tunashauri?"

Azan akacheka, akasema Jokha ana uchungu wa rafiki yake, tumsamehe. Mie ndiye wa kusamehewa! Na yeye aliyemvua mtu helmeti hakuomba radhi hata kwa mdomo tu. Kura zikapigwa, nikashindwa vibaya. Gozbert alikuwa amekaa kiti cha nyuma, kayasikia yote hayo. Alinyanyuka akatoka bila kumuaga mtu.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Uwanja wanaokimbizia farasi ni shamba alilotuachia baba. Nimelifunga. Nimetia kufuli getini bila kukuuliza, na nimemwambia Azan usoni kwamba hakuna farasi atakayeingia mpaka iandikwe lazima, kwa mdogo na mkubwa. Akanijibu kwamba wewe ni rafiki yake tangu utoto, ukija Desemba utamfungulia. Atakupigia, kama bado hajakupigia.

Na wewe najua unavyopenda kupanda na kilemba cha marehemu baba, watu wakikushangilia. Sikulaumu kwa hilo, hata mie nilikuwa nakushangilia. Lakini fungu langu limo katika shamba lile, na damu niliyoifua kwenye nguo zangu siku ile sitaki kuifua tena, sembuse ikiwa yako. Kasirika utakavyo. Kasirika ukiwa na akili zako timamu, unalijua jina langu.

Ufunguo sikukaa nao mie, maana ungembembeleza Mama, naye angenibembeleza mie. Nimemkabidhi Gozbert. Ukiutaka, nenda Gongo la Mboto asubuhi, umkute anamlisha mkewe, ukae hapo mpaka amalize, kisha umwombe.

Nibusie watoto, na wifi Zubeda mwambie bizari yake naisaga wiki hii. Mama anakuombea dua.

Mimi mdogo wako nikupendaye,

Jokha