Jina la Nekesa Katika Sala Zangu

Jumamosi, saa kumi jioni. Mbwajumali.

Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haiji. Joto linachosha, ila mimi nilikuwa nimechoka hata kabla ya joto.

Leo nimeshindwa kuomba. Sijawahi kuandika sentensi hiyo.

Kila alfajiri, adhana ikimalizika na majirani wakienda msikitini, nami hupiga magoti kando ya kitanda. Huomba kwa sauti. Mama alitulea hivyo kule Kitale. Sala ya kimoyomoyo, alisema, huishia usingizini. Hata huku Pate, ambako Wakristo ni sisi walimu wachache, sikuacha. Na mwaka huu ombi langu limekuwa moja tu: Bwana, nisafishe moyo.

Uchafu wenyewe naujua ulikotoka. Nekesa, mwalimu mwenzangu ambaye vyumba vyetu vimepakana, aliomba uhamisho pamoja nami. Tulijaza fomu siku moja, meza moja. Yeye akakubaliwa, mimi sikujibiwa. Hilo ningelimeza. Lakini alikaa na barua yake wiki tatu, tukipika sufuria moja, asiniambie. Nilikuja kuambiwa na mwalimu mkuu.

Basi nikaanza kumwombea. Baba, nisaidie nimsamehe Nekesa. Baba, unajua alivyonificha. Baba, mguse aone kosa lake. Kila siku maelezo yakazidi kuwa marefu. Naondoka magotini nikijiona mtakatifu, halafu namkuta jikoni na hata salamu yake naiitikia kwa shida. Nikadhani dawa ni kuongeza maombi.

Leo asubuhi Bi Mwanaesha, mwenye nyumba wetu, alinisimamisha kisimani. Mama wa watu hana ubaya na mtu. Akaniuliza taratibu:

"Mwalimu, mbona kila siku wamtaya mwenzio kwa Mngu? Wamuombea ama wamshitaki?"

Nikacheka kijinga. Yeye hakucheka.

Bi Mwanaesha hulala ng'ambo ya ua. Nekesa hulala nyuma ya ukuta ambao haufiki hata kwenye makuti. Mwaka wa tatu huu namsikia akikohoa, akigeuka kitandani, akitafuta kandambili zake. Sijui nilidhani masikio ninayo peke yangu.

Amesikia yote.

Niliona aibu. Lakini hapa ninapoandika hakuna anayenijua, kwa hiyo niseme ukweli: chini ya aibu ile kulikuwa na kitu kidogo kilichofurahi kwamba amesikia. Hicho ndicho kinachonitisha.

Niliingia ndani kutubu. Nikafunga mdomo, nikajaribu kuomba kimoyomoyo. Nikasema Baba, na neno lililofuata lilikuwa jina lake. Nikaanza upya. Likaja tena, na mashtaka yote nyuma yake. Nikainuka, nikakaa kitandani nikitazama mikono yangu. Kumbe sina sala nyingine. Miezi yote hii nimekuwa nikikipalilia kile kile nilichoomba king'olewe, na sijui niache vipi.

Mchana Nekesa akabisha mlango. Kesho asubuhi anaondoka, atapanda boti Mtangawanda. Desturi yetu walimu wa huku, anayesafiri huombewa kabla hajatoka, na anayeishi naye ndiye huomba. Alikuwa anakunja blauzi, macho yakiwa kwenye blauzi.

"Kesho uniombee kabla sijatoka," akasema. "Ukiweza, omba kimya."

Nikajibu sawa. Sikusema nisamehe. Naye akamaliza kukunja blauzi, akarudi chumbani kwake.

Sasa namsikia akihangaika na zipu ya begi. Kesho nitaweka mkono begani mwake, nitafumba macho, naye atasimama pale akisubiri niseme amina. Katika kimya hicho, nitakuwa namwambia Mungu nini?