Fyuzi ya Amp Mbili na Waya wa Pasi

Kaka Seif,

Shikamoo, ingawa leo naitoa kwa ulimi tu, si kwa moyo.

Mimi nina miaka sabini na nne. Nimewapita ndugu zetu wote kwa kuishi, nimezipita mashine tatu za tende, na sasa nimekupita wewe. Kalamu siiwezi sana, lakini hili simpi mtu aniandikie.

Juzi kwenye azza yako, matangani hapa Ibra, Omani, watu walikaa wakikusifu: "Fundi Seif, mashine mkononi mwake haisimami." Nikanywa kahawa. Mmoja akanisogelea anacheka: "Mzee Moto, nawe si ulifanya kazi naye?" Miaka kumi naitwa Moto kwa kosa lako.

Unakumbuka vizuri. Msimu wa tende, malori yamepanga foleni mlangoni mwa kiwanda, na fyuzi ya swichi ya kifuniko cha mashine inakatika kila saa. Nikakwambia waya umechubuka mahali, tuutafute. Kiwanda kizima hapakuwa na mtu wa kunishinda kuisikia mashine inapoumwa. Wewe ulijua kuamrisha. Ukaja na kipande cha waya wa shaba, ukakifunga pale pa fyuzi.

"Volti ishirini na nne, Hamedi. Hata paka haimuui."

"Haimuui, kaka, lakini kisanduku hiki cha umeme kinasukuma amp ishirini, na waya wa swichi mwembamba kama uzi. Hiyo fyuzi ya amp mbili ndiyo inayoukinga."

"Uoga wako huo."

Adhuhuri tukaenda kusali, tukarudi tukakuta moshi. Waya ulikuwa umechubuka kwenye bawaba ya kifuniko, pale pale nilipokwambia. Uliiva ukawa mwekundu, ukawasha nyaya zote, kisha maboksi. Kabla tajiri hajafika ukaninong'oneza: "Nina watoto sita, wewe una mmoja. Ubebe wewe kwa leo, nitakuja kusema kweli mwenyewe." Alipouliza nani kafunga shaba, nikasema mimi. Nikafukuzwa, na toka Ibra mpaka Nizwa hakuna karakana iliyonipa hata bisibisi.

Kazi nilikusamehe zamani. Lakini tumekula Idi zote hizo sahani moja, wewe unanikatia nyama, na hukusema. Sasa umelala na ahadi uliyonipa, nami nimebaki na jina lako la moto.

Mungu akurehemu. Yeye ana haraka ya kusamehe kuliko mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Hamedi

Asiyeniamini akamuulize mjane wako, Bi Zuwena, aliyekukuta asubuhi ile unaukata waya wa pasi yake. Mpaka leo anapiga pasi amejibana ukutani, waya haufiki mezani.