Sura ya Papa ku Tricot

Siku ya pili, 4 novembre

Bon, ma tricot imefika. Quarante, makumi ine, nyeupe, yote na sura ya papa, baba yangu mwenye alinizala, ku kifua. Béa, binti yangu, ameiweka mu salon, anasema nisiguse. Nimegusa. Nyumba ni yangu.

Hii nasema ya mi mwenyewe tu. Masomo sikufanya. Nasema, telefone inaandika.

Foto tulipata kwa padri. Muzungu, muzee sasa, alikaaka miaka mingi mu Katanga. Swahili yake inapita ya batoto yangu. Alienda kunitafutia papa mu makaratasi ya Bula Matari, ile serikali ya Babeleji ya zamani, hapa hapa Bruxelles. Akarudi na karatasi moja na foto kadogo kama timbre ya barua. Karatasi inasema papa alikufwa na ugonjwa ya kifua kule kwenye balimutupa, na balimuzika kule. Relégué. Njo vile baliita bantu benye balifukuzwa mbali na kwabo. Papa alikuwa anasali na bantu benye Bula Matari haikupenda. Balimupandisha treni, kisha bateau, mpaka mu pori ya province ya Équateur. Mi nilikuwa ku maziwa ya maman.

Maman alikatalia kilio. Hakuna mwenye aliona maiti, alisema, mukilia munamuua. Akakufwa yeye mwenyewe bila kulia bwana yake.

Siku ya mungu tutalia. Salle iko karibu na Flagey. Moyo yangu inarukaruka, docteur hanidanganye. Nataka kulia papa yangu mbele mi mwenyewe nikufwe. Ni ile tu.

Siku ya tatu, 5 novembre

Nilikuwa napiga pasi. Ku tricot ile foto imekuwa kubwa, mikono inaonekana. Anashika kibao ya numéro hapa ku kifua, na mikono mbili. Nikahesabu vidole.

Kumi.

Nikahesabu ku tricot ingine. Kumi.

Papa aliachaka kidole ku mine ya shaba. Mukono ya kushoto, kile kadogo. Maman alikuwa anasema ile kila mara nikicheza na kisu: unataka kuwa kama papa yako?

Nimezima pasi. Sielewe. Pengine foto inadanganya. Pengine maman alisema ile ya kunitisha tu. Pengine ni mi nimechanganya. Benye balijua balikufwa bote.

Na bantu bote balisema Béa amebeba masikio yake. Hata mi nilisema! Mwezi muzima kila asubuhi ninamusalimia huyu papa. Namuambia habari ya mifupa yangu.

Siku ya ine, 6 novembre

Sijasema kitu. Béa ameuliza mbona sikule. Nikasema meno.

Nafikiri sana. Miaka yote nilifagia ma bureau kule Schuman. Jioni nilikuwa natupa makaratasi ya bantu, mufuko na mufuko. Sikujua inasema nini. Pengine foto ya papa naye, muntu kama mi aliifagia. Chef wangu wa kule alikuwa Muportugais, mutu muzuri, alinileteaka samaki ya chumvi. Nilitaka kusema nini? Bon. Imenitoka.

Naogopa.

Siku ya tano, 7 novembre

Asubuhi nimeita padri ku telefone. Nikamuambia habari ya vidole. Akaenda kwanza kule ku makaratasi, kisha akakuja kwangu, hata koti hakuvua.

«Maman, nimekosa mi. Foto ilishikana na karatasi ya papa yako na épingle, kapini. Sikuangalia numéro.»

Numéro ya kibao ni ya muntu mwingine. Jina yake Mwansa, mutu wa Kasenga. Alipanda treni moja na papa. Camp moja. Alikufwa kule naye.

Nikauliza: na sura ya papa yangu?

«Hakuna, Maman.»

Nikauliza nani alishakuja kumuulizia huyu Mwansa. Hakuna mutu.

Padri akalia. Mi sikulia. Nilikasirika. Nikamuambia amalize chai yake aende.

Siku ya posho, 8 novembre

Nimemuambia Béa. Akakaa chini ku carton ya ma tricot.

Anasema tunyamaze. Bantu banatoka Liège, banatoka Anvers, chakula iko mu moto, nani atahesabu vidole? Mi nikasema nitajua mi. Akasema: sasa masikio yangu nilitoa wapi? Nikasema kwa baba yako wa Liège, na yeye hasikiaka kitu. Tukacheka. Kisha hatukucheka tena.

Kulia muntu wa benyewe, kwetu haiko muzuri. Jamaa yake hawajui kama amekufwa. Pengine kule Kasenga mama moja naye alisema mukilia munamuua. Mi nani ya kumuua? Lakini amekufwa, karatasi inasema. Na papa yangu amekufwa. Hiyo moja tu njo najua. Ingine yote ni moshi.

Béa amepika sombe, majani ya muhogo, ya bantu quarante. Nimekula kidogo. Sina akili ya kuamua.

Siku ya mungu, 9 novembre

Niko mu couloir ya salle, fasi ya makoti. Kunatulia hapa.

Nimevaa tricot. Bantu bote bamevaa. Mbele bakae nimebaambia: huyu haiko papa yangu, huyu ni Mwansa, balikuwa mu camp moja. Maman moja akauliza polepole: alors, tuvue ma tricot?

Nikasema apana. Papa yangu hana sura. Huyu hana mutoto. Muikale nayo.

Bakaikala. Padri eko nyuma, kichwa chini. Nilimuambia asogee mbele kidogo. Akasogea.

Sasa Béa ananiita. Kilio, mutoto wa marehemu njo anaifunguaka. Anaita jina, bengine banamufuata. Sijue nitaita jina gani kwanza.

Ndiyo, Béa. Ninakuja.