Kwa Nini Silali kwa Mwanao

Silver Spring, Maryland
Jumanne, 15 Oktoba 2024

Mpendwa mkwe wangu, Mama Kipkemboi,

Nakusalimu kutoka huku ambako baridi imeanza kung'ata masikio. U hali gani? Nyonga yako inakuruhusu kwenda kukama, ama bado unamwachia mke wa mwanao wa hapo nyumbani? Majani chai yanachumwa? Na yule ng'ombe mwekundu aliyekupiga teke, ulimuuza au ulimsamehe? Mimi ni mzima. Kile kibetri cha moyo walichoniwekea kifuani kinafanya kazi yake, nami nafanya yangu.

Bado nakumbuka mursik uliyonipa siku ile nasafiri, siku pekee tuliyoonana ana kwa ana. Sikukuambia yaliyotokea. Askari wa uwanja wa ndege walisema kibuyu kinapita lakini maziwa hayapiti. Nikayanywa yote palepale, wakiniangalia, foleni ikinguruma nyuma yangu. Siwezi kumwaga maziwa ya mkwe.

Mwandiko wangu utauvumilia. Shule sikukanyaga. Herufi nilizipata kwa ngumbaru ya kanisa nikiwa tayari nina wajukuu, kwa hivyo zikienda kombo wewe zifuate tu. Sikutaka mjukuu wetu Cheryl aniandikie, maana haya si maneno ya mtoto kuandika juu ya wazazi wake. Simu nayo sikuitaka. Simu yako huwekwa sauti kubwa na nyumba nzima inasikiliza.

Nimeambiwa kwamba Kipkemboi alikupigia akasema mama mkwe wake ameikataa nyumba yake mpya na kwenda kukaa peke yake katika jengo la wazee. Nimeambiwa pia uliuliza, "Mwanangu amemkosea nini huyo mama?" Umeuliza vizuri. Hajanikosea chochote. Lakini kwake silali, na wewe ndiye wa kumweleza kwa nini, kwa sababu mimi siwezi.

Unajua nilikuja kulea Cheryl ili binti yangu Abigail arudi hospitalini kwenye kazi yake ya unesi. Tulikaa Laurel, katika nyumba ya kupanga, na mimi nikapewa besimenti, yaani ile sehemu ya nyumba iliyochimbwa ardhini. Kipkemboi aliionea aibu sana. Kila akileta wageni alikuwa anajitetea: "Tunatafuta nyumba nzuri zaidi, Mama hatakaa chini hapo milele." Hakujua kwamba mimi nilikuwa nimeridhika kabisa. Besimenti ile ilikuwa na mlango wake wa nje, jiko lake na ufunguo wake. Kwetu Wajaluo mama halali katika nyumba ya mume wa binti yake. Basi nikajiambia hii ni nyumba yangu, wao wamejenga yao juu ya kichwa changu. Mungu aliona hesabu yangu akanyamaza.

Sasa Cheryl ameenda chuo. Kwa hivyo kazi yangu imeisha. Sijawahi kuajiriwa na mtu, lakini nimestaafu.

Mtu akistaafu, kila mmoja anajua pa kumweka. Mwanangu Nehemiah alisema nirudi nyumbani Seme, nyumba yangu ipo na paa halivuji. Ningerudi. Lakini kibetri hiki kinakaguliwa na daktari hapa, na hospitali yenye mashine hiyo kule kwetu ni safari ya siku nzima. Nyumbani nitarudi nikifa, watanipeleka, mahali pangu kando ya mume wangu pako wazi. Hilo halinisumbui. Ni hii miaka ya katikati ndiyo ilihitaji mahali.

Kipkemboi na Abigail wakanunua nyumba Columbia. Ni pazuri huko, miti mingi, njia za kutembea zinapita nyuma ya nyumba, watu wanasalimiana na mbwa kabla ya kusalimiana wenyewe. Walinipeleka kuiona siku ya Jumamosi. Mwanao alinibebea mkoba, mkwe wangu, akanipandisha ngazi polepole kana kwamba nimebeba mayai. Juu kuna ukumbi mwembamba na milango. Akafungua mmoja.

"Mama, hiki ni chako. Hutalala tena chini kama mzigo."

Chumba kilikuwa kikubwa. Jua lilijaa hadi kwenye pembe. Alikuwa ameshanunua kitanda na blanketi la rangi ninayoipenda, ambayo sijui aliijulia wapi. Kisha akafungua mlango wa jirani, kwa furaha, anionyeshe tulivyo karibu. "Na sisi tuko hapa. Ukikohoa tu, tunasikia."

Hapo ndipo miguu yangu ilikataa. Kati ya kitanda changu na kitanda cha mwanao kulikuwa na ukuta mmoja, na kuta za huku ukizigonga zinalia kama katoni. Wakinisikia nikikohoa, nami nitawasikia kwa mengine. Bafu nalo ni moja kwa wote, liko ukumbini, na gauni la mwanao la kuogea lilikuwa tayari limetundikwa mlangoni. Nilisimama kizingitini, sikuingia. Nikasema, "Dirisha ni zuri."

Ndiyo maneno niliyoweza kumpa. Akadhani nimekubali, akacheka kwa raha. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Tuliporudi Laurel nilimshika Abigail jikoni.

"Silali kule."

"Mama, tafadhali. Hii ni Amerika. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Sisi tumeokoka. Hayo mambo tuliyaacha."

"Wewe umeyaacha. Mimi sikumbuki kuyaweka chini."

"Basi nimwambieje Kip?"

"Mwambie ukweli."

Hakumwambia ukweli. Aliona haya, akamwambia kwa Kiingereza kwamba siku hizi mama anataka uhuru wake, kama wazee wa Kizungu. Kijana wa watu akaelewa kwamba sitaki kuonana naye. Tangu nihame analeta unga na dawa mpaka mlangoni, anaviweka chini, anasema "Shikamoo Mama," anaondoka. Hapandishi macho. Nikimkaribisha anasema gari limesimama vibaya.

Mchungaji wetu anasema chira, ile laana ya kuvunja mwiko, haipo. Labda. Aibu ipo, nimeiona kwa macho.

Sasa utaniuliza kwa nini nisimwambie mwenyewe. Mkwe wangu, nitaanzia wapi? Nimwite mume wa binti yangu, nimwambie habari za kitanda chake na ukuta wake? Hata hilo ni mwiko, tena mkubwa kuliko kulala. Mambo haya mwanamume hufundishwa na watu wake wakati wa kuoa. Wako alioa huku, kanisani, asubuhi moja, wewe na mimi tukisikiliza kwa simu iliyokuwa inakatika. Ulipiga vigelegele, nami nikapiga, kisha salio likaisha. Hakuna aliyebaki wa kumkalisha chini. Najua hata kwenu mkwe anakaa mbali na mama mkwe. Alitoka kwako akiwa mtoto wa shule ya bweni, hilo hakulipata.

Nakaa vizuri, usiwe na wasiwasi. Jengo letu lina lifti na wazee wa kila rangi, na duka la Waafrika liko karibu, napata omena. Fleti yangu ni chumba kimoja cha kulala na kingine ambacho ni sebule na jiko pamoja. Siku ya kwanza nilishuka kwenye mashine za kufulia nikasikia nyuma yangu, "Hujambo, bibi mpendwa? Je, umetoka pande zipi za bara letu?" Nilidhani mtu amewasha redio. Kumbe ni mama Mwamerika mweusi, mzee kama mimi, anaitwa Ama. Kiswahili alijifunza ujanani na wenzake, wakabadilisha na majina, na tangu wenzake wamalizike hana wa kusema naye. Anakisema safi hadi unaona haya. Nilipomweleza kwa nini nimehama, alicheka akashika mashine. "Mimi mkwe wangu alinipa sebule," akasema, "nikalala humo pamoja na mbwa, na mbwa ndiye aliyepewa kochi."

Sasa nisikilize. Kile chumba cha jua kisikae bure. Ni chumba cha mama, na mama yake ni wewe. Ulimzaa, ukamwogesha, huna cha kuonea haya nyuma ya ukuta ule. Nyonga yako ikikubali, njoo ukae hata kwa msimu mmoja. Kama kwenu nako mama halali kwa mwanawe aliyeoa, hilo mimi silijui, niambie wazi. Kitanda changu ni kipana na kwangu hakuna mkwe wa mtu.

Lakini kabla ya yote, mpigie. Zima sauti kubwa kwanza, toka nje, ongea naye kwa lugha yenu. Mwambie aje Jumapili baada ya ibada, aegeshe gari vizuri. Nitamchinjia kuku, yaani nitamnunua amekwisha chinjwa, ndiyo mambo ya huku. Atakula mezani na mimi nitakuwa jikoni kama inavyofaa. Jikoni na mezani hapa ni chumba kimoja, kwa hivyo nitampa mgongo niangalie sufuria. Asidhani nimemnunia. Mwambie mtu nisiyemheshimu ningelala kwake popote, hata miguuni pa kitanda chake.

Nisalimie mke wa mwanao na watoto wote wa boma lako. Abigail anakusalimu. Cheryl anakusalimu kwa Kiingereza, nami nimekutafsiria. Ama anasema, nanukuu, "Mpe salamu zangu za dhati." Mungu aikaze nyonga yako na akuongezee maziwa.

Mkwe wako akupendaye, anayengoja Jumapili,

Aketch, Mama Abigail